"Oklahoma!" Jukwaani Upya: Maneno Yale Yale, Maana Nyingine

Mchezo wa nyimbo uitwao "Oklahoma!", kazi ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, ulionyeshwa New York mwezi wa Machi, 1943, nao ulichezwa mara 2,212 kabla ya kukoma. Tangu hapo wengi wameuzoea kuwa ni mchezo wa furaha: wachunga ng'ombe na wakulima, mapenzi ya vijana, na nchi iliyo karibu kuwa jimbo la Marekani. Mwongozaji Daniel Fish aliujaribu kwa namna nyingine pamoja na wanafunzi wa chuo cha Bard mwaka 2007. Mwaka 2019 ukafika Broadway na kupata tuzo ya Tony. Tuzo si hoja yetu. Twauliza kama mwongozaji aweza kugeuza maana ya kitabu na hali maneno yake karibu yote ameyaacha.

Taa za ukumbini ziliachwa zikiwaka, bunduki zilipangwa ukutani, na wapigaji wa muziki walikuwa saba tu. Wakati wa mapumziko watazamaji walipewa mchuzi wa pilipili na mkate wa mahindi. Jambo la ukarimu, walakini sioni limeongeza nini katika mchezo.

Penye nguvu ni kibandani mwa Jud, mtumishi wa shamba asiyependwa na mtu. Curly, mshindani wake katika mapenzi ya Laurey, humwendea na kumsifia jinsi maziko yake yatakavyopendeza akijinyonga. Kwa desturi watazamaji hucheka. Fish alizima taa zote, zikabaki sauti mbili gizani, kisha uso wa Jud ukaonyeshwa ukutani, mkubwa mno. Mtu asikia sasa kitu kilichokuwamo kitabuni tangu 1943: mtu mmoja amshawishi mwenziwe afe. Hapa mwongozaji hakuongeza neno. Mfasiri wa michezo aijua hali hii, kwani huweza kuyahamisha maneno kwa uaminifu mkubwa, na sauti ya mchezaji ikayageuza dhihaka.

Mwisho wa mchezo ni habari nyingine. Katika kitabu, Jud aja na kisu siku ya arusi, wapigana, naye aangukia kisu chake mwenyewe. Kwa Fish, Jud ampa Curly bastola kuwa zawadi, kisha Curly ampiga risasi, na damu yawarukia maarusi. Mara hufanywa baraza la haraka nyumbani, Curly aachiliwa. Maneno ya baraza yalikuwa mzaha juu ya mtu asiye na hatia. Sasa yamekuwa maneno ya jamaa wanaomficha mtu wao. Yatisha kweli. Lakini hatia hiyo ameitia mwongozaji mwenyewe, kisha akawashitaki wanakijiji kwayo. Yawezekana kumtetea kwa mchezo wa Lynn Riggs wa mwaka 1931, ulio asili ya huu, ambamo Curly hufungwa gerezani na jambo halimalizwi upesi hivyo. Hata hivyo humo nako marehemu auawa na kisu chake. Maelezo ya vitendo ni sehemu ya kitabu kama yalivyo mazungumzo, na anayeyabadili ameshika kalamu ya mtunzi.

Wimbo wenye jina la mchezo huimbwa mwishoni na watu wote, nguo za arusi zikiwa zina damu.