Hasira ya Kazimoto

Wapo wazazi wanaotuuliza kama inafaa kijana wa Kikristo asome Kichwamaji. Tunawajibu kwamba asome, ila asisome mbiombio.

Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, ilitoka mwaka 1974. Msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anarudi kwao likizo na maswali ambayo vijana wetu pia hurudi nayo kutoka bara: Je, Mungu yupo? Binadamu yu huru, au anasukumwa tu? Tunaishi kwa ajili gani? Msimamo wake hautulii. Mara ana mashaka, mara anadhihaki, baadaye anakata tamaa, na mwisho anajiua. Kwa sababu ya mwisho huo wako wanaokitupa kitabu. Sisi hatuoni kwamba mwandishi anasifu kifo. Anaonyesha alikofika mtu aliyebeba mzigo huo peke yake. (Kijana mwenye mawazo ya namna hiyo asibaki nayo moyoni. Atujie, hata usiku wa manane.)

Maswali yenyewe hayatutishi. Mwaka 1524 Erasmus aliandika kutetea hiari ya binadamu, na mwaka 1525 Luther akamjibu kwa ukali kwamba hiari hiyo imefungwa. Majirani zetu Waislamu hapa Ole, wanapotaja kadari matangani, wanagusa mjadala ambao wanazuoni wao waliubishania karne nyingi kabla ya Luther. Basi kuuliza si ugonjwa ulioletwa na chuo kikuu.

Linalotusumbua ni jambo jingine. Rukia, dada yake Kazimoto, anapewa mimba na Manase, naye anakufa. Kazimoto anawaka hasira. Anataka kisasi, hata anamwendea Sabina, dada yake Manase, kwa nia hiyo, kabla ya kumpenda kweli na kumwoa. Hapo ndipo tungemshika mkono na kumuuliza: kama hakuna hakimu, na kama maisha hayana maana, Manase amekosa nini? Hasira yake inajua kitu ambacho falsafa yake inakikana. Kwetu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote kitabuni, na Kazimoto, hodari wa kuhoji kila kitu, haihoji. Wala yeye hakuishi kwa usafi kumshinda Manase. Mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama wa Manase.

Tunayo lawama kwa mwandishi pia. Kazimoto hakupewa mpinzani wa kumtosha. Hatukuona humo mtu wa imani anayeketi naye mpaka mazungumzo yafike mwisho. Huenda Kezilahabi alituona hivyo ndivyo tulivyo. Tungetamani mzee mmoja tu wa kanisa amuulize habari ya Manase, kisha anyamaze, amngojee ajibu.