Istilahi za Mawasiliano: Neno "Mtandao" na Mzigo Wake

Mtu ampigiapo fundi simu na kumwambia kwamba "mtandao uko chini", huwa hajamwambia kitu. Neno hilo limebebeshwa maana nyingi kupita kiasi: ni intaneti yenyewe, ni kampuni ya simu, ni muunganisho wa vifaa vya nyumbani, na huko benki ni mashine zote zilizogoma. Asili ya neno haina dosari. Kutanda ni kuenea, na utando wa buibui ni mfano mwema. Dosari imo katika kuliachia neno moja kazi ambayo yalipasa kuifanya matatu au manne.

Hasara yake si ya kilugha tu, bali ni ya mfukoni. Tuchukue nyumba inayopata intaneti kwa kebo ileile iletayo televisheni. Nguvu ya ishara ndani ya kebo hupimwa kwa desibeli, na kila zipunguapo desibeli 3 nguvu hubaki nusu. Kigawanyio cha matawi mawili hula desibeli 3 na nusu hivi katika kila tawi. Viwili vikifuatana, modemu iliyo mwisho hupata chini ya robo. Tiba ni kuondoa kigawanyio kisichohitajika, kukaza viungio, na kubadili kebo iliyoingia maji. Lakini mwenye nyumba, kwa kuwa hana neno ila "mtandao hafifu", huuziwa kifurushi kikubwa zaidi, na maradhi yakabaki palepale.

Kwa hiyo napendekeza "ishara" itumike kwa kinachopita katika kebo, na "mawimbi" kwa kinachopita hewani. Mwanafizikia atapinga, kwani ndani ya kebo nako mna mawimbi, na kwa elimu yake ana haki. Hata hivyo, istilahi ya fundi kazi yake ni kuonyesha mahali pa kutafuta ubovu. Kompyuta ikiunganishwa kwa waya moja kwa moja na modemu ikaenda vizuri, ishara ni nzima, na kasoro i katika mawimbi ya waifai. Pengine ni ukuta mnene tu.

Neno "kasi" nalo lahitaji uangalifu. Kifurushi cha megabiti 40 kwa sekunde hakiwezi kupakua zaidi ya megabaiti 5 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Katika vifupisho vya kigeni tofauti hiyo hutegemea herufi kubwa na ndogo, na machapa hukosewa kila siku. Kiswahili kikiandika maneno kamili hakina utata huo; sioni sababu ya kuuagiza. Tena mazungumzo ya video huweza kukwamakwama ingawa upakuaji ni wa kasi. Hilo ni jambo jingine, na "ukawiaji" lingelifaa.

"Kipanga njia" ni tafsiri sahihi, ila mafundi wameshachagua "ruta", na hakuna haja ya kushindana nao. "Modemu" ndilo la kutazamwa. Kwa wengi wetu neno hilo lilizoeleka kwa kidude cha laini ya simu kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kijitabu kinaposema "zima modemu, kisha iwashe", msomaji hutafuta kidude asichokuwa nacho. Kingeandika "modemu ya kebo".