Game Boy ya yaya: kutengeneza kioo ao kukitupa?

Bandugu, juzi yaya yangu alifungua valizi ya zamani na Game Boy yake ikatoka. Ile ya kijivu, muundo wa 1989, baba alimletea wakati angali hai. Tukatia mapile ine: inalia vizuri, lakini kioo kimejaa mistari myeupe ya kusimama. Unacheza Tetris, hauone tofali inaangukia wapi. Kijana mumoja wa jirani akasema bila hata kuishika: "Toa hiyo kioo, weka IPS." Siku hizi kila mutu anasema hivyo, na njo neno ninataka kubishana nalo.

Tuseme kweli: kioo kipya ni kizuri. Kina mwangaza wake, na usiku courant ikikatika unacheza bila kutafuta tochi. Kile cha zamani hakina taa hata moja. Kinatoa vivuli vine tu vya kijani-kijani, nukta 160 kwa 144, na bila jua ao taa ya nyumba hauone kitu.

Lakini ule uzaifu ulikuwa uamuzi. Gunpei Yokoi, aliyesimamia kazi hiyo pa Nintendo, alipenda teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na ya bei ndogo. Mwaka wa 1990 Sega walileta Game Gear, yenye rangi na taa: ilikula mapile sita kwa masaa machache tu. Game Boy ilipita masaa kumi na mapile ine. Kuweka taa leo ni kurudi ku ile hesabu ya Sega. Fundi atakwambia: weka batri ya lithiamu. Sawa, na tutaichaji na courant gani? (Mu batri mingi za namna hiyo kuko kobalti, ile inapita hapa kwetu na malori. Lakini hiyo ni habari ingine.)

Kuko tena michezo yenyewe. Kioo cha zamani kinachelewa kubadilisha picha, kinaacha kivuli nyuma. Michezo fulani ilitumia ule uvivu: kitu kinawashwa na kuzimwa mbio-mbio, jicho linaona kama moshi. Ku kioo kipya chenye haraka, kile kitu kinapepesa tu.

Na mistari ya kusimama, mara mingi kioo hakijakufa. Utepe mwembamba unaokiunganisha na saketi njo umeachia. Fundi wa simu ku komini Kenya anaiweza: anafungua, anapitisha ncha ya chuma cha kulehemu pole pole juu ya utepe, pale chini ya kioo, bila moto mukali. Mistari ya kulala ni ngumu zaidi. Na kama kioo kimepasuka, badilisha, sitakulaumu. Lakini kujaribu moto kwanza hakukatazi IPS kesho, wakati vioo vipya vingine vinaomba ukate plastiki ndani ya kasha, na plastiki haioti tena.

Ya yaya tuliipitisha moto siku ya mungu. Mistari mitano ilipotea, miwili imebaki kuume, pale wanaandika pointi. Anacheza hivyo hivyo, pa mulango, asubuhi. Pointi ananiuliza mimi nimusomee.