Antigone na Creon: Tanzia ni ya Nani?

Wahakiki wa Antigone, tamthilia ya Sophocles inayoaminika kuwa ilichezwa Athens yapata mwaka 441 K.K., wamebishana kwa muda mrefu kama mhusika mkuu ni binti aliyeipa tamthilia jina lake au ni Creon, mfalme aliyekataza maiti ya Polyneices isizikwe. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa jicho la msomaji wa Kabuchai, ambaye kwake maziko si jambo la kubuniwa na watunzi.

Tukihesabu mistari, Creon anashinda. Antigone anatolewa jukwaani karibu na mstari wa 943, katika tamthilia yenye mistari 1,353. Kifo chake twasimuliwa tu na mjumbe. Creon ndiye apotezaye mwana na mke kwa siku moja, tena ndiye atambuaye kosa lake wakati utambuzi haufai kitu. Kwa kipimo cha Aristotle, basi, tanzia ni yake. Lakini kipimo hicho hupima anguko, hakipimi kilichomwangusha mtu. Hata baada ya Antigone kuondoka, hakuna onyesho lisilotokana na ule udongo alioumwagia mwili wa nduguye.

Wengine hukimbilia kwa Hegel na kusema kwamba pande zote mbili zina haki. Rai hiyo, kwa maoni yetu, yaifaa zaidi kesi ya S. M. Otieno kuliko tamthilia yenyewe. Katika kesi ile, iliyomalizika mwaka 1987 kwa maziko ya Nyalgunga, mjane na ukoo wa Umira Kager walishindania mahali pa kumzika marehemu. Kila upande ulitaka kuzika. Creon hataki kuzika. Anamwachia maiti ndege na mbwa, na Tiresias anapomwarifu kuwa madhabahu za mji zimetiwa unajisi, anamshutumu mzee huyo kuwa amehongwa. Mizani ya Hegel hapa haina kitu cha kupima upande wa pili. Uzito wa mhusika na uhalali wa hoja yake ni mambo mawili, na mjadala huu umeyachanganya mno.

Miongoni mwa Wabukusu, mzee wa ukoo wenye haki hiyo hutoa kumuse baada ya maziko ya mzee mwenziwe, akitembea mbele ya umati bila kukatizwa, akiwasemesha walio hai. Thebes haina mtu wa namna hiyo. Tiresias angeweza kuwa ndiye, ila anasema kabla ya maziko, na anakatizwa.

Mahali ambapo Creon anastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni pale anapokubali kushindwa, kwa kuwa hapo kosa ni lake peke yake, wala hawezi kumsingizia Antigone. Korasi inamshauri kwanza amfungue binti pangoni, kisha amjengee maiti kaburi. Yeye anageuza utaratibu: anauosha mwili, anauchoma, anaurundikia udongo, ndipo anaelekea pangoni. Antigone amekwisha kujinyonga, na Haemon yumo humo humo, akimlilia.