Matamvua ya Uhai

Kikoi hakimaliziki pale ufumaji unapokoma. Nyuzi zinazobaki kwenye ncha zake mbili husokotwa na kupigwa mafundo, yakawa matamvua. Mtazamaji huona urembo, na urembo upo kweli. Lakini kazi ya kwanza ya matamvua ni kuzuia kitambaa kisifumuke. Kikoi kisichofungwa ncha hupoteza uzi kila kikifuliwa, hadi mwisho wake kiwe tambara la kupangusia meza.

Uhai nao una nyuzi zake. Seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, nyuzi ndefu za DNA zenye jumla ya ncha 92. Katika miaka ya 1930 Hermann Muller, aliyechunguza nzi wa matunda, na Barbara McClintock, aliyechunguza mahindi, walitambua kwamba kromosomu zilizokatika hugandana, ilhali ncha za asili hazigandi. Kuna kitu kinachozikinga, na Muller akakiita telomeri. Baadaye likazuka fumbo jingine. Vimeng'enya vinavyonakili DNA haviwezi kuinakili ncha yenyewe hadi mwisho, kwa hiyo kila seli inapogawanyika uzi hufupika kidogo. Imekuwaje basi viumbe vikadumu vizazi na vizazi bila nyuzi zao kwisha?

Fumbo hilo lilifumbuliwa na mwanafunzi. Nalipenda sana neno letu uzamivu, kwa kuwa ndani yake mna kuzama: anayeisomea shahada ya uzamivu hushuka kilindini, akakaa huko na pumzi yake mwenyewe, pasipo kujua kama chaza atakayemwokota ana lulu. Carol Greider alizama mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 23, katika maabara ya Elizabeth Blackburn kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tangu utotoni alikuwa na disleksia, hali inayofanya kusoma na kuandika kuwe kugumu. Alama zake za mtihani wa kuombea nafasi hazikuwa nzuri, na vyuo vingi vilimkataa.

Kiumbe walichokichunguza ni Tetrahymena, mwenye seli moja tu na anayeogelea katika madimbwi ya maji baridi. Wala hakuchaguliwa ovyo. Kromosomu zake zimekatikakatika vipande vifupi maelfu kwa maelfu, kwa hiyo ncha zake ni tele. Anayetaka kujifunza matamvua humwendea mwenye matamvua mengi. Tayari mwaka 1978 Blackburn, akiwa na Joseph Gall, alikuwa ameonyesha kwamba ncha hizo ni herufi sita za DNA, TTGGGG, zinazojirudia tena na tena. Kilichotafutwa sasa ni mkono unaoziandika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Kuwakuza viumbe hao, kuwapasua, kuchukua urojo wao na kuutia vipande vya DNA pamoja na herufi zilizotiwa fosforasi nururifu. Kisha kuvipitisha vipande hivyo kwenye jeli kwa nguvu ya umeme, vifupi vikikimbia mbele na virefu vikibaki nyuma, halafu kuilaza filamu ya eksirei juu ya jeli na kungoja. Miezi ikapita bila jibu la wazi. Wakabadili mbinu: badala ya vipande virefu wakaweka kipande kifupi kilichotengenezwa maabara, chenye herufi zilezile za ncha. Tarehe 25 Desemba 1984, siku ya Krismasi, Greider alikwenda maabara kuisafisha filamu yake. Ikajitokeza ngazi, mistari iliyopangana juu kwa juu, kutoka kidato hadi kidato herufi sita. Kuna kitu ndani ya urojo ule kilichokuwa kikiurefusha uzi.

Wasimulizi wengi huishia kwenye Krismasi hiyo. Mimi naona ustadi ulianzia hapo. Huenda ngazi ile ilichorwa na kimeng'enya cha kawaida cha kunakili. Macho ya mwenye shauku huona anachokitamani. Kwa hiyo Greider alitumia miezi iliyofuata kuisaka kasoro katika furaha yake mwenyewe. Alitia DNA isiyo ya ncha: haikurefushwa. Alitia ncha ya hamira, ambayo herufi zake ni tofauti: ikaongezewa TTGGGG, herufi za Tetrahymena, kwa hiyo hakukuwa kunakili tu. Makala ilitoka katika jarida la Cell mnamo Desemba 1985, karibu mwaka mzima baada ya ile filamu. Baadaye ikabainika kwamba kimeng'enya hicho kipya, kilichoitwa telomerasi, hubeba ndani yake kipande cha RNA ambacho ndicho kielelezo cha kuandikia, kama msusi mwenye mtindo wake kichwani.

Leo tunajua kwamba seli nyingi za mwili wetu zina telomerasi kidogo mno au hazina kabisa, ndiyo maana ncha zake huchakaa. Na kwamba seli nyingi za saratani huiwasha, zikagawanyika bila kikomo. Elimu hiyo ilianzia kwa kiumbe wa dimbwini. Mwaka 2009 Blackburn, Greider na mwanasayansi mwenzao Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Simu ilipompata alfajiri, Greider alikuwa nyumbani akikunja nguo.

Basi wewe uliye maabara usiku huu, ukiona ngazi kwenye filamu yako, furahi. Kesho rudi ujaribu kuivunja kwa mikono yako mwenyewe. Kazi isiyofungwa ncha hufumuka, na wa kuifunga ni yuleyule aliyeifuma.