Mkono wa Mpiga Video, Kutoka Mikumi Hadi Kilosa

Abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya huijua Mikumi kupitia dirishani. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa takribani kilomita 50, na mtu mmoja akisema tu "Tembo hao!", simu kumi zinanyanyuliwa kwa pamoja. Kinachobaki ndani ya simu hizo ni mng'ao wa kioo, utosi wa jirani, na kitu cha kijivu kinachorukaruka kila basi linapopanda tuta. Video hizo hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na maelezo marefu, maana bila maelezo hakuna atakayejua kama ni tembo au lori lililopinduka.

Ni rahisi kuwacheka, lakini wanaopiga video kwa riziki wanapambana na adui huyohuyo, mtikisiko, na wengi wao humjibu kwa kununua kifaa kabla hawajajua kinachotikisika ni nini. Je, ni mkono, nyayo, injini, au barabara? Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya hiki mara nyingi haikigusi kile.

Chukua tambarare ya Mkata, upande wa kaskazini wa hifadhi. Nyati na pofu wako mbali, kwa hiyo mpiga video anavaa lenzi ndefu. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya fremu kamili huona nyuzi tano hivi tu kwa upana. Mkono ukiyumba nusu nyuzi, mtikisiko ambao mwenyewe hata hausikii, pundamilia anaruka sehemu ya kumi ya picha nzima. Kwa umbali huo hakuna mwanadamu mwenye mkono mtulivu wa kutosha. Tripodi nayo, aliyoilipia mzigo kwenye ndege, inalala buti la gari, kwa sababu ndani ya hifadhi mgeni hashuki garini anapojisikia.

Kinachomwokoa ni mfuko. Ni mfuko wa kitambaa kigumu wenye zipu, unaosafiri mtupu na kujazwa maharage au mchele sokoni. Unawekwa kwenye ukingo wa paa lililonyanyuliwa la Land Cruiser, lenzi inalazwa juu yake na kukandamizwa kidogo, na punje zinajipanga kuifuata. Hauhitaji betri wala mota, na safari ikiisha, maharage yanaungwa nazi. Katika vifaa vyote vya kutuliza kamera, huu ndio pekee unaoliwa.

Hata hivyo mfuko peke yake hautoshi. Kwanza dereva aombwe kwa adabu: "Kaka, tuzimie injini kidogo." Injini ikinguruma, mtetemo wake unapanda kwenye bodi hadi kwenye kioo cha lenzi. Kisha abiria wote wakae kimya cha mwili, si cha mdomo tu. Mtu wa kiti cha nyuma akihamia upande wa pili kumtazama simba, springi zinabonyea, gari linainama, na simba anatoka nje ya fremu kwa kosa lisilo lake. Waongozaji wazoefu wanalijua hili kuliko wageni wao, na wengine huzima injini kabla ya kuombwa.

Kutafuta utulivu kwa akili kabla ya mashine si jambo jipya katika ukanda huu. Alan Root, mtengeneza filamu za wanyama aliyekulia Kenya, katika miaka ya 1970 alipiga filamu kutoka kwenye puto la hewa moto, na akavuka nalo juu ya Kilimanjaro. Puto linakwenda na upepo, kwa hiyo aliye ndani ya kikapu hausikii upepo wenyewe, na kamera inaelea bila injini ya kuitetemesha.

Anayetembea na kamera ana balaa lingine. Mmarekani Garrett Brown alilitatua katikati ya miaka ya 1970 kwa Steadicam, iliyoonekana kwanza katika filamu za mwaka 1976, ikiwemo Rocky yenye zile ngazi za Philadelphia. Ndani yake hapakuwa na mota ya kusawazisha. Uzito ulitawanywa, kamera ikawa juu na betri chini, na mkono wa springi uliofungwa kwenye fulana ya mpigaji ukameza hatua zake. Hadi leo wenye kuitumia huipima kwa kuilaza ubavu na kuiachia, wakihesabu inachukua muda gani kufika wima. Sekunde mbili au tatu, mzani umekaa sawa.

Gimbali ya mota, iliyoshika soko baada ya Freefly kutoa MōVI mwaka 2013, ni ukoo mwingine kabisa. Sensa zake zinahisi kamera ikiinama, ikilalia upande au ikigeuka, na mota tatu zinarudisha kila mzunguko. Ila haina springi. Kupanda na kushuka kwa mwili unaotembea kunapita humo bila kuzuiwa, na ndiyo sababu wapigaji hodari hutembea wamekunja magoti, kisigino kikitangulia na unyayo ukifuata polepole. Watu hununua gimbali wakidhani wamenunua na magoti.

Kilosa mjini, siku ya harusi, fundi anatambulika kabla hajawasha chochote. Anafunga kamera kwenye gimbali iliyozimwa, ameshavua kifuniko cha lenzi kwa sababu hata gramu hizo chache zinahesabiwa. Anasogeza bamba mbele, nyuma, mbele tena kidogo, hadi kamera itulie ikitazama mbele. Anaielekeza juu, ikianguka, anarekebisha kimo. Ndipo anapofungua mhimili wa pili, kisha wa tatu. Asiye na subira huwasha mota zibebe upotovu wake, na saa mbili baadaye, maharusi wakiingia ukumbini, mota zina moto na betri imekwisha.

Njiani kuna mtego mwingine. Wapiga matarumbeta wako kwenye pikapu mbele ya msafara, na mpiga video amesimama nao akitazama nyuma. Gari likikata kona ndefu, sensa inachanganya nguvu ya kona na mvuto wa ardhi, na mstari wa upeo unaanza kulala. Ndivyo inavyokuwa pia kwa anayepiga akiwa ndani ya treni ya SGR, ambayo tangu Julai 2024 inapita Kilosa kwenda Dodoma, ikipinda milimani na kupenya mahandaki. Kuna gimbali zinazoruhusu kurekebisha mlalo papo hapo. Kwa nyingine, ni heri kusubiri barabara inyooke.

Anayetaka treni yenyewe kutoka nje aiache gimbali nyumbani. Hapo ni tripodi yenye kichwa cha mafuta, kinachogeuka kwa ukinzani ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kijana mwenye fedha za kifaa kimoja tu, hicho ndicho cha kuanza nacho, hata kama hakivutii kwenye picha za Instagram.

Kutuliza picha baadaye kwenye kompyuta kupo, na kunasaidia, lakini programu hukata kingo, na haiwezi kuondoa ukungu. Jioni, kwa kasi ya shata ya moja ya hamsini, mtikisiko umeshapaka kila fremu. Programu itaunyoosha mwendo na kuuacha ukungu ukipwita mahali pamoja.

Halafu muziki unapanda, na shangazi wa bwana harusi anaingia uwanjani na khanga kiunoni. Hapo fundi anamkabidhi msaidizi gimbali nzima. Anashika kamera tupu, viwiko vimebana mbavu, mkanda umevutwa shingoni hadi ukakaza, anaingia katikati ya wachezaji na kuiacha picha itikisike nao kiasi. Akimpiga shangazi kwa gimbali, anaonekana kama anaogelea. Hotuba zikianza, tripodi inarudi mahali pake na betri mpya inaingia kwenye kamera. Aliyezoea kumbi za harusi za Tanzania huweka na nyingine ya akiba mfukoni, kwa sababu kamati bado haijatambulishwa.