Jicho la Fundi Bodi

Ukimpelekea fundi bodi aliyeiva gari lenye mkwaruzo, hatakimbilia kutaja bei. Atachovya vidole kwenye maji, apake pale palipochubuka, kisha atazame. Mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, mara nyingi ni klia tu iliyoguswa, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Halafu atapitisha ukucha. Ukiteleza, kazi ni ya msasa laini, namba 2000 hivi, na polishi. Ukinasa, mkwaruzo umezama, na sasa anaanza kufikiri kwa makini zaidi.

Umakini huo una sababu. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150, yaani milimita moja ukiigawa mara kumi, au kuzidi kidogo. Klia peke yake ni kama maikroni 40. Kila msasa unaopita unakula humo humo. Tena rangi ile iliokwa kwa joto la nyuzi 140 hivi, wakati bodi ikiwa tupu, haina viti wala dashibodi. Gari lililokwisha kuunganishwa halirudi kwenye joto hilo. Rangi ya gereji hukazwa kwa dawa inayochanganywa nayo. Ikipulizwa vizuri hudumu miaka mingi. Lakini ile ya kwanza ikishakwanguliwa, hakuna fundi awezaye kuirudisha kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo namheshimu sana fundi anayeweza kusema: "Bosi, hii iache." Maneno hayo yanamkosesha kazi ya siku nzima, na anayasema kwa sababu anajua gari litapoteza zaidi kuliko litakachopata.

Si kila kitu cha kuachwa, na hapo ndipo jicho lake linapopimwa. Bampa la plastiki likichubuka, halishiki kutu, linaweza kusubiri. Mlango ukichubuka hadi chuma kikaonekana, hasa katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam au Mombasa ambako hewa ina chumvi, usingoje. Kutu hutambaa chini ya rangi iliyo nzima, na siku utakapoona malengelenge, tayari imeshakwenda mbali. Hata hapo, fundi mwenye busara hakimbilii kupuliza mlango mzima. Doa dogo hulisafisha, akaligusa kwa brashi nyembamba, akaishia hapo.

Mbonyeo nao una mambo yake. Fundi huinama pembeni atazame kivuli cha taa au cha ukingo wa paa kinavyopinda juu ya bati, kisha hupitisha kiganja taratibu, kwa sababu kiganja hugundua bonde ambalo jicho limelikosa. Kama rangi haijapasuka na chuma hakijatanuka, anaweza kuusukuma kwa nyuma kidogo kidogo mpaka bati lirudi, bila tone la rangi. Kama mbonyeo umepita kwenye mkunjo wa mlango, huenda chuma kimevutika, na sasa inahitajika nyundo, chuma cha kuegemea upande wa pili, na subira. Fundi mvivu hujaza shimo kwa puti nene itakayokuja kupasuka. Fundi hodari hunyoosha bati mpaka puti ibaki na kazi moja tu, kufuta alama za nyundo.

Halafu kuna rangi yenyewe. Silva ina chembe za metali, na namna zinavyolala hutegemea presha ya kompresa na mwendo wa mkono. Namba ya rangi ikiwa sahihi kabisa, doa jipya bado linaweza kuonekana juani. Ili lisionekane, fundi hulififisha taratibu kuelekea bati la jirani, kisha hufunika yote kwa klia. Mkwaruzo wa urefu wa kidole unaweza kudai milango miwili. Mteja aelezwe hilo kabla msasa haujashikwa.

Wakaguzi wa minada ya magari ya Japani, yalikotoka mengi ya magari tunayoendesha, wanaelewa kwamba kutengeneza nako kuna gharama yake. Kwenye karatasi zao, A1 ni mkwaruzo mdogo na U1 ni mbonyeo mdogo. Lakini kuna pia W, alama ya mawimbi yaliyoachwa na matengenezo. Kwao ukarabati nao ni jeraha la kuandikwa. Hata mnunuzi wa kwetu anayegonga mlango kwa kidole kusikiliza kama kuna puti anatafuta jambo hilo hilo.

Kwenye gereji zetu tumezoea kulipia jasho: saa za nyundo, makopo ya rangi. Fundi akikagua gari lako kwa maji, ukucha na kiganja, kisha akakwambia uliache, amekufanyia kazi iliyomgharimu miaka kujifunza. Mlipe.